Malkia wa Droo ya Chini

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, Ritha alivuta droo ya chini ya meza ya marehemu baba yake, akatoa kopo la biskuti, akafunua kitambaa cheusi kilichokuwa ndani, na kukuta malkia amekufa.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli na kichupa cha kioo mkononi, akakitazama kile kiwiliwili cha kahawia kilicholala chali kama mtu aliyechoshwa na safari.

Khalfani, kijana fundi simu aliyepanga nusu ya kibanda hicho mtaani Gerezani, ndiyo kwanza alikuwa anafungua kufuli la upande wake.

"Dada Ritha, mambo?"

Ritha aliendelea kukitazama kichupa.

"Dada, nani kakuudhi saa hizi? Hata chai bado."

"Malkia amekufa."

Khalfani aliacha kufuli likining'inia. Hakuuliza malkia gani. Mtaa mzima ulimjua.

Mzee Beno, fundi saa, alimwokota jioni ya mvua ya kwanza ya masika, chini ya taa ya kibanda hicho hicho. Alikuwa sisimizi jike mkubwa, mweusi kifuani, na mikanda ya manjano tumboni, naye alikuwa anajing'oa mabawa mwenyewe kama bibi harusi anayevua viatu baada ya sherehe. Mzee alimwingiza katika kichupa chembamba chenye maji nyuma ya pamba, akaziba mdomo kwa pamba nyingine, akamlaza gizani. Kisha akamwekea bintiye Ritha masharti. Usimfungulie. Usimlishe, kwa sababu misuli ya mabawa asiyoyahitaji tena ndiyo chakula chake mpaka watoto wa kwanza watoke. Usimtikise, maana akitishika hula mayai yake mwenyewe. Mtazame Jumatatu tu, tena upesi.

Mayai yalikuja. Mzee Beno hakuwahi kuona zaidi ya hapo. Kitandani hospitali, siku ya mwisho aliyoweza kusema, hakuuliza habari za saa za watu. Aliuliza, "Malkia yukoje?" Ritha akamjibu kwamba yuko salama, na atakuwa salama. Jumatatu iliyopita mayai yalikuwa yamekwisha kuwa vifuko vya rangi ya chai ya maziwa. Zilikuwa zimebaki siku chache tu.

"Ngoja," alisema Khalfani. "Usikitupe. Namwita Afande."

Afande alikuwa Badria, sajenti mstaafu wa upelelezi, ambaye sasa aliuza vitenge duka la tatu kutoka hapo. Kustaafu kulikuwa kumemchosha kuliko kazi. Alifika kabla Khalfani hajamaliza kumweleza, miwani juu ya ushungi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Ritha.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nipe nimwone." Akakiinua kichupa kwenye mwanga. "Nipe na lenzi ya baba yako."

Ritha alimpa ile lenzi nyeusi ambayo mafundi saa huibana kwenye jicho. Badria akaibana, akakizungusha kichupa taratibu.

"Ritha, baba yako alikuwa akinichosha kila siku kwa somo la sisimizi. Sisimizi ana nini katikati?"

"Kiuno. Chembamba kama uzi, na kijinundu juu yake."

"Na vipapasio?"

"Vimepinda kama kiwiko."

"Basi njoo umtazame huyu marehemu."

Ritha alitazama. Kifua na tumbo vilikuwa kitu kimoja, vinene, kama mtu asiyejua mkanda unafungwa wapi. Vipapasio vilinyooka kama uzi wa shanga.

"Huyu si malkia," alisema polepole. "Huyu ni kumbikumbi!"

"Tena amekaangwa." Badria alizibua kichupa, akamgusa mdudu kwa ncha ya kidole, akaionja bila haya. "Na chumvi imekolea. Mwanangu, futa machozi. Marehemu huyu alifia kwenye kikaango. Halafu niambie, vifuko viko wapi? Tangu lini mama akafa, watoto wakajibeba wakaondoka?"

Khalfani aliangua kicheko, akajizuia, akamtazama Ritha. Ritha hakucheka. Hakuwa amecheka tangu msiba. Lakini rangi ilirudi usoni mwake.

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Aliyemchukua alimchukua na kichupa chake, na watoto wake, bila kumfungulia. Hiki ni kichupa kingine." Droo ile ilikuwa na vichupa vya akiba, vitupu, vimelala upande mmoja. "Sasa msiguse kitu."

Badria aliikagua droo. Mahali kopo lilipolala alikuta unyoya mmoja, mrefu, mwekundu, wenye mng'aro wa kijani nchani.

"Baba alikuwa akitumia manyoya kupakia mafuta kwenye saa za ukutani," alisema Ritha.

"Ya rangi gani?"

"Meupe. Ya kuku wa kisasa, alikuwa akiyaokota kwa wauza kuku."

Badria aliuweka unyoya katikati ya kurasa za gazeti. Kisha akaivuta ile pamba iliyokuwa mdomoni mwa kichupa, akaitumbukiza kwenye glasi ya maji ya Khalfani. Ilielea. Akaizamisha kwa kidole. Ikarudi juu, kavu. Badria akatabasamu, akanywa kahawa yake.

"Nani alijua kwamba unamtazama Jumatatu tu?"

"Watu wote wa hapa. Baba alikuwa akitangaza kama redio."

"Nani aliweza kufungua droo wiki hii?"

Ritha alifikiri. "Mimi. Khalfani. Na shangazi, huwa anakuja kufagia."

"Basi tuanze na aliye karibu. Khalfani, kaa."

"Afande, mimi tena?"

"Kaa, baba. Wiki mbili zilizopita ulisema nini kuhusu huyu malkia?"

Khalfani alijikuna kisogo. "Nilisema nimeona kwenye simu kwamba kuna wazungu wanawapenda hawa wadudu kinoma, wanawanunua. Ilikuwa stori tu, Afande! Stori za kijiweni!"

"Na huo mkoba unaousogeza kwa mguu kila ninapoutazama?"

"Vifaa vya kazi."

"Fungua."

"Afande, nakuomba, siyo mbele ya..." Alimtupia Ritha jicho.

"Fungua, Khalfani!" alisema Ritha.

Ndani ya mkoba kulikuwa na boksi lenye matundu madogo. Ritha alilipokonya, akalifungua. Halikuwa na mdudu. Lilikuwa na nyumba ndogo ya plasta nyeupe, vyumba vinne na korido, imefunikwa kwa vioo vya simu vilivyokatwa vizuri. Mlangoni kimechomekwa kijibomba kinachotoshana na mdomo wa kichupa.

"Watoto wakitoka watahitaji pa kuhamia," alisema Khalfani, macho chini. "Nilitaka iwe sapraizi. Korido imenitesa wiki nzima."

Ritha alibaki kaishika ile nyumba. Badria alikohoa.

"Mwizi hamjengei nyumba aliyemwuza. Umetoka kwenye tuhuma. Lakini niambie, kuna wakati wowote kibanda kilibaki bila nyinyi wawili?"

"Ijumaa. Dada alikwenda Mnazi Mmoja kununua betri za saa, mimi nikaenda kuswali. Nikawaachia majirani watutazamie, kama kawaida. Wale wa benchi."

Benchi lilikuwa nje, chini ya turubai, mbele ya karakana ya masofa ya jirani. Wakati wa uhai wa Mzee Beno, hapo ndipo kelele zote za mtaa zilipoanzia. Yeye, Mngoni wa Songea, na Vitalis, Mhehe mwenye karakana, walikuwa watani, wakitukanana hapo tangu chai ya asubuhi. "Babu yako alimkimbia babu yangu vitani mpaka akaacha kiatu!" Beno angepaza sauti. "Muongo! Babu yangu hakuwa na viatu!" Vitalis angejibu, na wapita njia wangecheka hata kama wameisikia jana. Tangu msiba benchi lilikuwa kimya. Vitalis alikaa mwisho wake mmoja, akiacha nafasi ya mtu pembeni.

Saa mbili na nusu aliingia shangazi Jovitha kutoka Buguruni, mfuko wa maandazi mkono mmoja na pochi mkono wa pili.

"Kuna nini? Mbona mmekaa kama baraza la usuluhishi?"

"Shangazi, malkia ameibwa."

"Ameibwa, au Mungu kaniitikia dua?" Alipoona uso wa Ritha alijishika mdomo. "Nisamehe mwanangu. Wadudu na mimi, unajua."

"Najua," alisema Badria. "Na kwenye pochi kuna nini, dada Jovitha, kinachogonga hivyo?"

Jovitha alitoa kopo la dawa ya mende. Alilishika kama askari anayesalimisha silaha.

"Natembea nalo tangu kaka alipomleta yule mdudu. Sijalitumia! Angalia, hata kifuniko sijakibandua."

Kweli, kizuizi cha plastiki kilikuwa mahali pake.

"Haya. Na kumbikumbi?"

"Kumbikumbi gani?"

"Huyu." Badria alimwonyesha kichupa. "Wa kukaangwa, mwenye chumvi. Hapa mjini hawapatikani ovyo."

Jovitha alimkazia macho mdudu. "Huyu ni wangu! Nimemkaanga mwenyewe! Niliwafuata mpaka Songea kwa ajili ya arobaini ya kaka. Alikuwa akiwapenda kuliko nyama."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi? Afande, niliwagawa! Alhamisi, pale pale kwenye benchi, kila mtu kiganja kimoja. Khalfani akajifanya anakula, akawatupa."

"Walikuwa wananitazama, shangazi," Khalfani alijitetea.

"Wengine walikula?"

"Mpaka wakalamba vidole. Yule Mhehe akaomba tena."

Badria alikiweka kichupa chini. "Mazishi ya kaka yako yalikwendaje? Mimi nilichelewa, nilifika mnakunja viti."

"Vizuri. Kwa heshima, kimya, ratiba ikafuatwa. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyetaka kuharibu. Alijilaza mbele ya jeneza, anapiga kelele eti marehemu ana kiatu chake, asizikwe nacho. Watu wakaanza kucheka. Nikawaambia wanakamati, mtoeni, hapa ni mjini. Wakamtoa nje ya geti."

"Kule Songea mngemfanyaje mtu wa namna hiyo?"

Jovitha aliweka maandazi mezani. Uso wake ulianza kubadilika. "Kule... kule tungemwacha. Ni kazi yake. Ndiyo kazi ya mtani, Afande."

"Na kama amechukua kitu cha marehemu?"

"Unakikomboa. Kwa jogoo."

Badria alifungua gazeti, akautoa ule unyoya mwekundu, akauweka mezani katikati yao.

"Twendeni kwenye benchi," alisema.

Vitalis alikuwa amekaa mahali pake, mzee mwembamba, nyuzinyuzi nyeupe zimemganda kwenye fulana na ndevu kama theluji ya kwenye kalenda. Alipowaona wanne wakimjia aliweka kikombe chini.

"Shikamoo, mzee," alisema Ritha.

"Marahaba, binti yangu. Mmekuja wengi. Mnauza nini?"

"Tumekuja na hadithi," alisema Badria, akaketi kwenye ile nafasi iliyoachwa wazi. Vitalis alishtuka, lakini hakumwondoa. "Kuna mtu amemwiba malkia wa Beno. Nilidhani ni mtu wa biashara, lakini mtu wa biashara haachi kitu nyuma. Nikadhani ni mtu wa chuki. Mwenye chuki angemwua mwenyewe, asingemtafutia mbadala. Huyu aliacha kumbikumbi wa kukaangwa. Nani anaiba halafu anaacha kitafunio?"

Khalfani alicheka. Vitalis alitazama kikombe chake.

"Aliona kumbikumbi asiye na mabawa na malkia asiye na mabawa ni ndugu. Kwa hiyo amekaa karibu na wadudu wa Beno bila kumsikiliza Beno. Aliziba kichupa kwa pamba isiyonyonya maji. Pamba ya dukani inanyonya. Isiyonyonya ni sufi, ile ya mti wa msufi. Na sufi hapa mtaani inajazwa kwenye mito ya masofa." Badria alinyoosha mkono, akachomoa uzi mmoja mweupe uliokwama kwenye ndevu za Vitalis, akaupuliza ukaelea hewani. "Tena Ijumaa, mtu huyo aliombwa akitazame kibanda. Na aliacha bili yake kabisa. Unyoya wa jogoo. Ila aliipeleka kwa mtoto aliyezaliwa Ilala, ambaye hajawahi kufundishwa kuisoma."

Basi la mwendokasi lilipita barabarani, likapiga honi.

"Nilisubiri," alisema Vitalis hatimaye. "Jumamosi nikasubiri. Jana nikasubiri. Nikasema atakuja anitukane, aseme we Mhehe mwizi, leta mali yetu. Hakuja mtu; nilisahau kwamba mnamtazama Jumatatu tu. Na kumrudisha mwenyewe nikaona aibu."

"Lakini kwa nini, mzee?" Ritha alimsogelea. "Ni yeye tu niliyeachiwa."

"Kwa sababu ndiye niliyemwona ni wa thamani. Mtani hachukui ufagio." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Mimi na baba yako tulikubaliana. Atakayetangulia, mwenzake awachekeshe watu kaburini mpaka waone aibu. Nikaanza tu, nikatolewa getini kama mlevi. Binti yangu, nyinyi wote mlipewa nafasi ya kumlilia. Mimi kilio changu ni kile. Mpaka leo sijamzika Beno."

Jovitha alishika kichwa. "Nisamehe, mtani. Mjini kumenipumbaza. Nilitaka wageni waone tuna heshima."

"Heshima mlikuwa nayo. Mlikosa kelele."

"Malkia yuko wapi?" aliuliza Ritha.

Vitalis alichangamka. "Hajatikisika! Nilimsikia sana baba yako kwa hilo. Nimemlaza penye giza na joto, ndani ya mkono wa sofa, katikati ya sufi. Ile sofa ya kijani." Akageuka kuonyesha karakana.

Sofa ya kijani haikuwepo.

"Zakayo!" Vitalis aliruka. "Sofa ya kijani iko wapi?"

Fundi wake alitoa kichwa nyuma ya rundo la mbao. "Mteja kaifuata, mzee. Si ulisema gundi ikikauka atachukua? Imepandishwa kwenye guta, inakwenda Buguruni. Wametoka sasa hivi."

Hapakuwa na mjadala. Khalfani alitoka mbio, Ritha nyuma yake, Jovitha nyuma ya Ritha akiwa bado ameshika kopo la dawa. Guta lile la magurudumu matatu lilionekana kwa mbali, sofa imekaa juu kama mheshimiwa, likielekea kwenye shimo kubwa la barabara ambalo kila mtu wa Gerezani analijua. Ndipo Sajenti Badria, aliyebaki nyuma kwa sababu ya magoti, alipovuta pumzi na kutoa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu kustaafu.

"Wewe wa guta! Simama hapo hapo!"

Guta lilisimama. Bodaboda mbili zilisimama. Muuza maji alisimama na mikono juu. Gurudumu la mbele lilikuwa limebakiza kiasi cha hatua moja kufika shimoni.

"Mama, leseni ya guta inatolewa wapi?" aliuliza mwenye guta, jasho likimtoka.

Vitalis alifika akihema, akapasua mshono wa mkono wa kulia kwa kisu chake cha kazi, akaingiza vidole taratibu kama mkunga. Akatoa kichupa kilichovikwa sufi. Hakukishika zaidi. Alimpa Ritha kwa mikono miwili.

Ritha aligeukia kivuli cha sofa, akabana lenzi jichoni. Watu walijazana. Mwenye guta aliuliza kama ni almasi.

Malkia alikuwa amesimama juu ya vifuko vyake. Kiuno, kiwiko cha vipapasio, mikanda ya manjano, makovu manne mahali palipokuwa na mabawa. Na pembeni yake, sisimizi mmoja wa rangi ya asali, mdogo mno, alikuwa akitembea kama mtu anayejaribu viatu vipya. Wa pili alikuwa akijitoa kifukoni, na mama yake akimsaidia kwa mdomo.

"Wametoka," alisema Ritha. "Wametoka!"

"Ndani ya sofa yangu," alisema Vitalis. "Basi kwa mila ni Wahehe hao."

Ritha alitoa lenzi. Alimtazama yule mzee aliyejaa sufi, mikono bado imekingwa kama inangoja kupokea kitu. Jovitha alimsukuma kiwiko, akamnong'oneza, "Mjibu. Nafasi ya baba yako ni yako sasa."

Ritha alisafisha koo.

"We mzee Vitalis."

"Naam."

"Jogoo utapata Jumapili, tena utakuja kumla kwetu, umzike baba vizuri. Ila babu yako alimkimbia babu yangu vitani mpaka akaacha kiatu. Kipo mpaka leo. Kinanuka. Njoo ukichukue."

Mtaa ulisimama kusikiliza. Mdomo wa Vitalis ulicheza. Alitaka kujibu, kicheko kikamtangulia, na nyuma ya kicheko yakaja machozi, yote kwa pamoja, mpaka akalazimika kushikilia sofa ya watu. Khalfani alikuwa akicheka, Jovitha akicheka na kulia, Badria akijifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Na Ritha, kichupa kimetulia kifuani bila kutikisika, alicheka mpaka mabega yakamuuma.

"Muongo!" Vitalis alipaza sauti hatimaye, ikasikika mpaka kituo cha mwendokasi. "Muongo kama baba yako! Babu yangu hakuwa na viatu!"